Miti miaka sita, na mto bado unakauka

Swali lililoletwa: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya usharika mmoja wa Kilutheri wilayani Hai, Kilimanjaro. Miaka sita sasa tunapanda miti kandokando ya mto wetu, mikaratusi na migrivea, na kila kundi la kipaimara hupanda ya kwake. Lakini watu wanachimba mchanga mtoni, wengine wanalima hadi ukingoni, na kiangazi mto unabaki madimbwi. Nilipopendekeza twende serikalini, baadhi ya wazee wa usharika walisema kanisa si chama cha siasa. Vijana wa msikiti jirani wako tayari kuungana nasi, na hilo nalo limezua maneno. Je, tunaruhusiwa? Na kama tunaruhusiwa, tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye neno moja: mikaratusi. Nitaanzia hapo, kwa sababu siku mtakapokwenda kwa mtendaji wa kijiji mkiwa na malalamiko, mtu wa kwanza kusimama kuwapinga atasema hilohilo, na atakuwa na haki.

Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, lakini unakunywa maji sana na hufaa ukae mbali na chemchemi na kingo za mito. Mliupanda kwa nia njema, miche ilikuwa rahisi kupatikana, na unakua haraka hata mtu akaona matunda ya kazi yake kabla hajazeeka. Naelewa. Hata hivyo iliyo karibu na maji iondoeni, na muiondoe hadharani, siku ya Jumapili baada ya ibada, mchungaji akiwepo. Semeni wazi kwamba mlikosea. Mahali pake pandeni mikuyu, mringaringa na miti mingine ya asili ambayo bibi zenu waliijua kuwa ni miti ya maji. Ofisa misitu wa wilaya atawasaidia kuchagua. Usharika uliokata mikaratusi yake mwenyewe una kinywa cha kusema mbele ya mtu yeyote.

La pili linauma zaidi. Mchanga uliojengea ukuta wa kanisa lenu ulitoka wapi? Na wa msikiti? Sina jibu, ila nimeona vijiji vingi ambako tipa la mchanga wa mtoni lilitolewa kama sadaka, likapigiwa makofi. Ulizeni kwenye baraza la wazee kabla hajauliza mchimbaji. Kama jibu ni hilo mnalolihofia, amueni kwamba kuanzia sasa usharika hautapokea wala kununua mchanga usio na kibali, na uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari. Hapo mtakuwa mmeshatunga sera yenu ya kwanza, bila kwenda kokote.

Sasa hoja ya wazee. Msiwadharau. Wanakumbuka kampeni zilizoingia madhabahuni zikagawa waumini, na woga wao una sababu. Lakini wamechanganya vitu viwili. Kumpigia debe mgombea au chama ndani ya nyumba ya ibada ni jambo moja, na hilo msiliguse kabisa. Kuiambia serikali yenu kwamba mto unakufa na sheria haifuatwi ni jambo jingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Ibara ya 27 inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaanza kwa kumpa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kisha inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria pale haki hiyo inapovunjwa. Hakuna mahali panaposema haki hizi zinakoma mtu anapobatizwa au anapotoa shahada.

Kwa wazee, hata hivyo, kifungu cha sheria hakitatosha. Someni nao Nehemia, sura ya kwanza na ya pili. Mtu yule alilia, akafunga, akaomba. Kisha akaenda kwa mfalme. Na alipoulizwa anataka nini, alikuwa amejiandaa: aliomba barua kwa maliwali ili apite, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya kujengea. Alimjua ofisa mhusika kwa jina na kwa cheo! Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano siku hiyohiyo. Alitoka usiku na watu wachache, akakagua ukuta sehemu kwa sehemu, ndipo akasema. Mimi ni Mwislamu, lakini sura hizo nimezitumia kufundisha mawakili vijana jinsi ya kuandaa ombi kwa serikali.

Nakueleza pia kosa langu. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii niliongozana na viongozi wa dini kadhaa kwenda kwa ofisa mmoja mkubwa wa wilaya, mbali na huko kwenu. Tulikuwa na barua ya kurasa nne, tatu zikiwa ni aya za vitabu vitakatifu. Jina la chemchemi tuliyokwenda kuisemea lilitajwa mara moja. Ombi halikuwemo. Ofisa alisikiliza kwa adabu, akatushukuru, akaomba tumwombee, chai ikaletwa. Tulitoka tukipeana mikono kwa furaha. Chemchemi ile haipo tena, na kila nikipita barabara ile nageuza uso upande mwingine. Yule ofisa hakutukatalia chochote, kwa sababu hatukuwa tumemwomba chochote.

Nikupeleke Pemba, kwetu. Kilomita kama 10 magharibi mwa Chake Chake kuna kisiwa kidogo, Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, akaambiwa hakuna, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Jina likabaki. Wavuvi wa shehia nyingi za Pemba wanakitegemea. Wengine hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pale kwa siku kadhaa. Kina miamba ya matumbawe, fukwe ambazo kasa hutaga, na mapango ambayo watu huyaheshimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nusura kikodishwe kwa hoteli. Wavuvi wakakataa, mpango ukafa, na mwaka 1998 eneo likatangazwa kuwa hifadhi yenye sehemu ndogo isiyovuliwa kabisa, sehemu nyingine ikiachwa kwa uvuvi wa kawaida.

Lakini tangazo la serikali halikuzima baruti. Wapo waliovua kwa baruti, kwa juya la kukokota, hata kwa utupa, ile sumu ya mimea. Sheria ya kukataza ilikuwepo miaka mingi, na mvuvi alijua boti ya doria ikipita saa ngapi. Ndipo shirika la CARE, lililokuwa likiusaidia mradi ule, likakaa na masheikh wa Pemba pamoja na Fazlun Khalid, mwanzilishi wa taasisi moja ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, na mwaka 1999 wakafanya semina ya kusoma Qur'ani kwa jicho la bahari. Hawakuleta dini mpya. Walisoma aya ambazo kila mtoto wa madrasa anazijua: kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, yaani ufujaji; ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyochuma mikono ya watu. Kisha wakauliza swali la kivuvi kabisa. Baruti inayoua samaki mkubwa, mdogo na jumba lao kwa mpigo mmoja, kama hiyo si israfu, israfu ni ipi? Hotuba za Ijumaa zikabeba swali hilo, na madrasa zikalifundisha.

Watu wengi wanaposimulia habari za Misali huishia hapo, wakasema dini ilifaulu pale sheria iliposhindwa. Mimi sisimulii hivyo, kwa sababu nimekulia pwani ile na nimeuona upande wa pili. Hotuba ilifanya kazi kwa kuwa kulikuwa na mpaka uliochorwa baharini, chama cha wavuvi kilichoutambua, na walinzi wa kuusimamia. Mahali penye hotuba bila mpaka, mvuvi mcha Mungu hana cha kutii. Mahali penye mpaka bila hotuba, anautii mchana tu. Na ulinzi wa bahari unahitaji mafuta ya boti kila wiki, jambo ambalo hotuba haiwezi kulilipa. Mwaka 2005 Misali iliingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba, na tangu hapo hoja imekuwa ileile ya bajeti, doria, na wavuvi wa mbali ambao hawakukaa kwenye zile darasa za mwanzo. Ukinielewa hapa umeelewa sehemu kubwa ya ninachotaka kukwambia: imani humfanya mtu aitake sheria njema na aitii asipoonwa, lakini sheria hiyo lazima kwanza iwepo, iwe na mipaka, na iwe na mtu wa kuilinda anayelipwa.

Na sheria yenu ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ile ya Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wakulima wanaijua, wanaiita "mita sitini", na wanaichukia kwa sababu mara nyingi huifahamu siku mahindi yanapofyekwa. Hapa ndipo vijana wa msikiti wanapokuja na kitu ambacho huenda ninyi hamkukitarajia. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kuna kitu kinaitwa harimu: eneo linalozunguka kisima, chemchemi au mto ambalo hairuhusiwi mtu kulimiliki wala kulifanyia jambo la kuyadhuru maji. Imepokewa kwamba harimu ya kisima ni dhiraa 40, ili wanyama wapate pa kupumzikia wanapokuja kunywa. Wazo la mita 60 halikutoka Dodoma peke yake basi. Lina ndugu yake wa zamani sana msikitini. Na Wachagga nanyi mlikuwa na taratibu za mifongo, ile mifereji ya maji ya asili, za nani anafungua maji siku gani na nani anasafisha, na aliyekiuka alilipa. Mkiwakalisha pamoja mzee wa mfongo, imamu na mchungaji, mtakuta wote watatu wana mpaka mmoja kwa majina matatu. Huo ndio msingi wa kuungana kwenu. Msianze kwa kujadili nani atafungua kwa sala na kwa muda gani.

Maneno ya watu kuhusu kushirikiana na msikiti yatakuwepo. Wajibuni kwa mfano wa hapahapa nchini. Baraza la Maaskofu Katoliki, BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda kamati ya pamoja ya haki za kiuchumi na uadilifu wa uumbaji, na kazi waliyoifanya kwenye madini ndiyo ninayoiona kuwa darasa bora zaidi la dini na sera tulilonalo Tanzania. Mwaka 2008 walitoa ripoti ya kuonyesha jinsi nchi ilivyokuwa ikipata kidogo kutoka kwenye dhahabu yake. Mwaka 2009, baada ya maji yenye tindikali kuvuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe kule North Mara mwezi Mei, watu wa Nyamongo walipokuwa wakilia kwamba mifugo inakufa na ngozi zinababuka, viongozi hawa hawakuishia kutoa pole. Waliagiza uchunguzi wa kisayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo kimoja cha Norwei wakachukua sampuli za maji, udongo na tope kwenye maeneo ya migodi ya North Mara na Geita, wakapima metali nzito. Mwaka 2012 ikaja ripoti nyingine ya kukadiria mapato ambayo taifa linayakosa, kiasi cha kama dola bilioni 1 kwa mwaka.

Tazama walichofanya. Askofu na sheikh wakisema maji ni machafu, kampuni itajibu kwamba hao ni watu wa dini, hawajui kemia. Wakija na jedwali la maabara, mazungumzo yanabadilika. Na jedwali la maabara likibebwa na mwanasayansi peke yake, litakaa kwenye kabati la wizara. Likibebwa na watu ambao mamilioni huwasikiliza kila Ijumaa na kila Jumapili, waziri atalisoma. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mgodi kwa serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuubadilishia msingi wa kukokotolea, na mabadiliko ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Sisemi viongozi wa dini ndio waliofanya hayo peke yao. Kulikuwa na kamati ya Jaji Bomani iliyoundwa mwaka 2007, kulikuwa na wabunge, waandishi wa habari, na wananchi waliopaza sauti vijijini. Lakini walikuwepo mezani, wakiwa na karatasi.

Ninyi hamhitaji maabara ya Norwei. Mnahitaji daftari. Fanyeni kama Nehemia: tembeeni mto wote ndani ya kijiji chenu, watu wanne wa usharika na wanne wa msikiti, mkiwa na kamba ya mita 60 na simu ya kupigia picha. Kila sehemu yenye shamba ndani ya mita hizo, andikeni ni umbali gani na ni mazao gani, pasipo majina ya watu. Kila shimo la mchanga, pimeni upana na kina. Mahali maji yanapokatika, wekeni alama na tarehe, mrudi kila mwezi mahali palepale. Waulizeni wazee chemchemi zipi zilikuwepo na zilikauka lini. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na rekodi ambayo huenda hata Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani haina kwa kipande hicho, na watawashukuru kwa dhati.

Jambo moja mlijue kabla hamjaandika sababu: msiutupie mlima lawama zote. Watu wakisikia Kilimanjaro wanafikiria barafu inayoyeyuka, wakajisemea mto unakauka kwa sababu hiyo na hakuna la kufanya. Maji ya mito yenu hutoka zaidi kwenye msitu, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na majani kule juu, kuliko kwenye barafu. Hii ni habari njema, kwa maana msitu na kingo za mto viko ndani ya uwezo wa sheria na wa watu. Na ni habari yenye uchungu pia. Ukanda wa nusu maili uliowekwa mwaka 1941 ili vijiji vipate kuni na majani ulimezwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wakajikuta wageni msituni kwao. Ukiona mzee anakunja uso mkitaja neno "uhifadhi", mwulizeni kuhusu nusu maili, na mumsikilize hadi amalize.

Baada ya daftari, njia yenu haipiti kwa mkuu wa mkoa, wala kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Inapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na kisheria unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Waumini wenu ni wangapi? Wangapi walihudhuria mkutano uliopita? Nakisia jibu litawaaibisha, na aibu hiyo ni ya nchi nzima. Hapo ndipo tangazo la Jumapili lina kazi ambayo hakuna asasi inayoweza kuifanya: mchungaji asimame baada ya matoleo, aseme mkutano ni siku fulani saa fulani, na kwamba kuhudhuria ni sehemu ya kuilinda kazi ya Mungu. Imamu aseme hivyohivyo siku ya Ijumaa. Asiseme wapige kura vipi. Aseme waende.

Mle ndani msiombe "serikali itusaidie kutunza mazingira". Ombeni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaitunga, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaipitisha, na kuanzia hapo ina nguvu. Iseme mpaka wa mita 60 utawekewa alama na nani, nini kinaruhusiwa ndani yake (majani ya ng'ombe na miti ya matunda isiyolimiwa chini, kwa mfano, si sawa na mahindi), nani anasimamia, faini ni kiasi gani na inakwenda wapi. Sheria ndogo nyingi hufa kwa sababu ya hilo la mwisho: faini ikiingia mfuko usiojulikana, watu huiita rushwa, hata kama si rushwa.

Mchanga ni mgumu zaidi, nakuonya mapema. Kisheria ni madini ya ujenzi, unahitaji leseni, na Tume ya Madini inahusika. Lakini katika halmashauri nyingi mchanga na kokoto ni chanzo cha ushuru. Diwani anapowasikiliza anakuwa pia na hesabu za mapato kichwani. Basi msiende na neno "marufuku" tupu. Nendeni na swali la bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Mkifika Mei, mmechelewa mwaka mzima. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hao wachimbaji mchanga ni akina nani? Ni vijana wenu. Mmoja huimba kwaya, mwingine alipata kipaimara na wewe. Wanaingia kwenye shimo alfajiri kwa sababu kihamba, shamba la ukoo, kimegawanywa mara tatu na hakitoshi. Kikundi chao kikisajiliwa, kikaombewa mkopo huo kwa barua ya usharika na ya msikiti, kikaanza kitalu cha miche ya asili au mradi wa matofali wa mahali pengine, mtakuwa mmefanya haki pande mbili. Mkiwafukuza kwa polisi, watarudi usiku, na watakuwa wamelichukia kanisa. Hili nalisema kwa nguvu zote nilizonazo. Nimeshaona kampeni ya mazingira iliyoishia kuwa vita ya wenye mashamba dhidi ya wasio nayo, huku ikiimbiwa nyimbo za uumbaji.

Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuliongoza kanisa lenu la KKKT kitaifa, alijulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti kwa jinsi alivyosukuma upandaji katika Dayosisi ya Kaskazini. Urithi huo mnao. Waraka wa Papa Fransisko wa 2015 kuhusu utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, na tamko la Waislamu kuhusu tabianchi lililotolewa Istanbul Agosti mwaka huohuo, yanaweza kuwasaidia kwenye mafunzo ya vijana. Ila kwenye meza ya mtendaji pelekeni daftari na rasimu ya sheria ndogo.

Jihadharini na heshima moja ambayo watu wa dini hupewa kwa urahisi: kufungua kikao kwa sala. Mkialikwa, nendeni, ombeni. Kisha mkae. Msiondoke baada ya chai. Ulizeni ajenda ya mto ni ya ngapi, na msikilize hadi ifikiwe, na hakikisheni kilichosemwa kimeandikwa. Kule Lamu, Kenya, wananchi walipinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa umepewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufani za Mazingira liliifuta leseni hiyo. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji: mikutano iliyodaiwa kufanyika na wananchi ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, kwa hiyo watu hawakuwa wameelezwa walichokuwa wakiulizwa. Tafakari hilo, mwanangu. Mradi mkubwa kiasi kile ulikwamia kwenye swali la mikutano: nani aliitwa, lini, na aliambiwa nini. Ndiyo maana nakusisitizia daftari lako la katibu kuliko kipaza sauti.

Nanyi mkikataliwa? Kijiji kikikataa, kuna kata na kamati yake ya maendeleo, kuna diwani, kuna ofisa mazingira wa wilaya, kuna kamati ya halmashauri inayoshughulikia uchumi, ujenzi na mazingira. Kuna Bodi ya Bonde, na jumuiya za watumia maji ambazo mnaweza kujiunga nazo au kuomba iundwe ya kwenu. Mahakama ipo mwisho wa njia, na msiikimbilie. Ila watu wajue mnajua ipo. Kila hatua ianze na barua fupi inayotaja iliyotangulia.

Barua ya kwanza iwe ukurasa mmoja. Jina la mto. Mlichokiona, kwa namba na tarehe. Kifungu cha sheria. Ombi moja: mkutano mkuu ujao uwe na ajenda ya sheria ndogo ya kingo za mto. Isainiwe na mchungaji na imamu kwa pamoja, na mzee wa mfongo akikubali, aweke dole gumba lake katikati yao. Msiitume kwa simu. Ipelekeni kwa mkono mkiwa na nakala ya pili, na msitoke ofisini kabla nakala hiyo haijapigwa mhuri wa kupokelewa.